Dawa ya Kondo la Nyuma

Treni ilitoka Mtito Andei, na Wavinya, mwanafunzi wa chuo cha uuguzi, hakuweza kunyamaza. "Mwaitu, mama yangu, kuna dawa mpya inajaribiwa Nairobi! Kibofu kikikuchoma miaka mingi, wanakidunga dawa imetengenezwa kwa kondo la nyuma."

Mama aliyeketi mbele yake, aliyekuwa akienda Nairobi kwa kijana wake na alikuwa ameshaenda choo mara nne, alicheka. "Kondo? Mimi ni mkunga, hizo nimezika karibu mia. Leo nirudishiwe moja?" Kisha akainama. "Huko wanakuuliza nini?"

"Kama unajikojolea!" Wavinya alijibu kwa furaha, na behewa zima likageuka.

Mama akavuta leso magotini. "Nilikuwa naulizia dada yangu."

Wavinya alitamani kumeza ulimi. Treni iliposimama Kibwezi, mama alibeba mzigo wake akashuka, na Nairobi bado mbali.