Mti Usio na Majani: Maisha ya Marehemu Yonasi Nzunda wa Igamba

Wasifu huu umeandikwa na dada yake, Loisi Nzunda, na kusomwa naye kaburini Igamba, Jumanne tarehe 5 Agosti 1958.

Mchungaji, Mwinjilisti Boazi, baba zetu na mama zetu, na ninyi wakwe zetu mliotembea kwa miguu kutoka Nanyala, poleni na safari na poleni na baridi. Nimeambiwa niseme kwa ufupi. Marehemu mwenyewe hakuwahi kusema jambo lolote kwa ufupi, kwa hiyo mtanivumilia; chai imefunikwa, haitapoa. Nina neno moja mwishoni kuhusu mkewe Roda na nyumba yake. Mnalijua, maana tangu jana ndilo linalonong'onwa nyuma ya zizi, na kuna mtu nimemwona kwa macho yangu akiipima ile nyumba kwa hatua, mwenye nyumba hajawekwa hata kaburini.

Yonasi Nzunda alizaliwa hapa hapa Igamba, mtoto wa pili wa mzee Danieli Nzunda na mama Felista. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 16 Aprili 1911, akiwa bado ananyonya. Alikua mtoto mpole na mzito wa kurudi. Akitumwa maji, mtungi ulirudi nusu, lakini mkononi ana mche wa kitu alichokiokota mtoni. Nyuma ya jiko la mama palikuwa na msitu mdogo wa miche hiyo, na mbuzi walijua njia ya kufika huko vizuri kuliko sisi.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1921 hadi 1925. Alijifunza kusoma, kuhesabu na kuimba sauti ya chini, ile ambayo Jumapili hii mtaisikia kwa kukosekana kwake. Hesabu hazikumpenda sana. Bustani ya shule ndiyo iliyompenda, na mwalimu alipomwadhibu kwa kumpeleka kupalilia, rafiki zake walimwonea wivu.

Mwezi Machi 1927 aliajiriwa na Bwana Hadson, mlowezi Mwingereza aliyekuwa na shamba la kahawa upande wa Nanyala, awe mtunza bustani ya nyumbani. Bibi Hadson alipanda kwa kalenda ya kwao. Kwao Desemba ni majira ya baridi, basi Desemba akaagiza vitanda vyote vya mboga vifunikwe nyasi kavu, na mvua ya Desemba ya Mbozi, mnaijua, ikaozesha kila kitu mpaka harufu ikafika barabarani. Juni sakitu, ule umande unaoganda usiku, ilipoanguka, vitanda vilikuwa wazi, na njegere zikaungua zote. Bibi yule alikaa kwenye ngazi akalia. Yonasi naye, kwa kuwa hakujua la kufanya, akakaa ngazi ya chini akalia pia. Mwaka uliofuata waliipindua kalenda pamoja, na tangu siku hizo walikuwa marafiki, kwa kadiri bwana na mtumishi wanavyoweza kuwa marafiki.

Tarehe 15 Oktoba 1932 alimwoa Roda Simbeye, binti wa Nanyala, katika kanisa la Mbozi. Siku ya kwenda kujitambulisha ukweni alibeba kabichi kubwa kutoka bustani ya Bibi Hadson. Baba mkwe aliigeuza mara kadhaa, kisha akauliza, "Mwanangu, hii inafugwa au inaliwa?" Roda alicheka nyuma ya mlango, na Yonasi akasema baadaye kwamba kicheko kile ndicho kilichomaliza maneno yote. Waliishi kwa kupendana. Mtoto hakuja. Mwaka wa kwanza watu walisema ni mapema, mwaka wa tano wakaacha kusema mbele yake wakaanza kusema nyuma yake. Ukoo ulikaa vikao, nami nisimung'unye maneno, aliyeviita zaidi ni baba yetu mdogo, mzee Amoni, aliyeketi pale kwenye kigoda. Alitaka kaka aoe tena na Roda arudishwe kwao. Hakuwa na chuki. Alikuwa na hofu jina la kaka yake, baba yetu, lisije likaishia hapo.

Katikati ya mwaka 1946 Bwana Hadson aliugua, viungo vikakataa, wakaamua kurudi kwao. Walimwomba Yonasi awasindikize, amwinue bwana na kumtunzia bustani mpaka wapate mtu. Mama alilia akasema jina tulilompa ndilo linalompeleka baharini, na kwamba safari hii nyangumi ni wa chuma. Walipanda lori hadi Dodoma, treni hadi Dar es Salaam, kisha meli. Novemba walifika kwenye kijiji cha milimani katika jimbo la Derbi.

Hadithi za huko mmezisikia, wengine mpaka mkachoka. Alituambia kule watu hawaulizani habari za nyumbani. Wanasalimiana kwa hali ya hewa. Mtu akipita nje ya ukuta anasema, "Baridi leo," nawe unasema, "Kali kweli," mmemaliza. Siku ya kwanza Yonasi alijibu kama tunavyojibu sisi, akaeleza afya ya mama, ya mke, mavuno, ng'ombe aliyevunjika mguu, na alipoinua macho mtu alikuwa keshafika kona. Alituambia viazi hurundikwa nje na kufunikwa majani makavu na udongo kama kaburi, karoti hulazwa ndani ya mchanga, na kwamba Januari theluji ilianguka kama unga unaochekechwa, haikukoma hadi Machi, ikafukia kuta. Kuchimba mboga moja ardhini alitumia sururu. Asubuhi kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwawekea ndege mafuta ya nyama kwenye kamba. Mzee Amoni alisema mtu anayelisha ndege wakati bustani ina mbegu ana lake jambo.

Lakini hadithi moja hakuisimulia kwa kucheka, nayo ndiyo ninayotaka tuizike naye vizuri.

Alipofika kule alikuta miti yote haina jani. Miti yetu ya porini nayo hupukutisha, ila kabla hata mvua haijanyesha imekwisha chipua. Ile ilikaa uchi mwezi baada ya mwezi, na barafu ikaivika mpaka matawi yakalia kwa upepo. Mkahawa ukiwa hivyo tunajua umekufa. Yonasi akaamini nchi imepatwa na msiba wa miti. Akanyamaza, maana kwetu mgeni hataji msiba ambao mwenye nyumba hajautaja. Aliwahurumia kimoyomoyo akaendelea kuwapa pole kwa sauti ya salamu tu.

Jirani yao alikuwa mjane mzee, Bibi Flecha. Mwezi Februari makaa ya mawe yaliadimika nchi nzima, na Yonasi akaona dohani la yule bibi limeacha kutoa moshi. Ninyi mnajua desturi ya ukoo wetu hapa Igamba. Mjane anayebaki kwake hukatiwa kuni bila kuomba, zikawekwa mlangoni, na aliyeleta habishi hodi wala hasubiri asante. Anayerudishwa kwao haletewi kuni na mtu. Kuni mlangoni ndilo neno la ukoo kwamba mama huyu hahami. Basi bustanini kwa Bibi Flecha palikuwa na mtofaa, mkavu machoni pa kaka yetu kama mingine yote. Alichukua shoka, akaruka ukuta, akaukata usawa wa goti, akapasua, akapanga kuni mlangoni kwa adabu zote, akaondoka.

Bibi yule alitoka akaziona. Alipiga magoti kwenye theluji, akashika kipande kimoja kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Mti ule ulipandwa na mumewe mwaka waliooana. Yonasi aliitwa, na kwa Kiingereza chake kidogo akaeleza habari za wajane wa Igamba na habari za miti iliyokufa. Alisubiri kufukuzwa. Bibi Flecha akamwambia, "Haukufa, mwanangu. Ulikuwa umelala." Kisha akamwingiza ndani wakaota moto wa kuni zile zile, wote wawili wakilia, na kaka alisema moshi wa mti huo unanukia vizuri na kwamba hajawahi kuona moto mchungu kama ule.

Kisiki walikifunika majani makavu. Mei kikachipua. Bibi Flecha akakimwagilia kila asubuhi, kiangazi chote, na Yonasi alimuuliza kama kitazaa tena. Alijibu kwamba pengine miaka kumi, pengine kamwe, lakini mti ni wake.

Bwana Hadson alifariki Septemba 1947, na Yonasi akarudi nyumbani Februari 1948. Alikuta kikao kinamsubiri. Binti wa kumwoa alikuwa amekwisha zungumzwa huko Msangano, na wifi yangu Roda alikuwa amekaa mlangoni, furushi lake limefungwa miguuni, kwa sababu hakutaka kufukuzwa akiwa hajajiandaa. Kaka hakukaa. Alisimama na vumbi lake la safari akasimulia habari za mti wa Bibi Flecha, mwanzo hadi mwisho. Watu walisubiri amalize aje kwenye jambo.

Mzee Amoni akamuuliza, "Kwa hiyo unatuambia mkeo atazaa?"

"Sijui kama atazaa, baba mdogo. Nakuambia simkati."

"Na usipopata mtoto?"

"Nitakuwa sikupata. Nimeshakata kisichokufa mara moja. Mara ya pili sitaki."

Mzee alinyanyuka akaondoka bila kuaga, na kwa miaka hii yote hakutia mguu katika nyumba ile. Kaka aliinama, akafungua furushi la mkewe kwa mikono yake, akarudisha nguo ndani, kanga moja moja, mbele ya kikao kizima. Mtoto hakuja, ndugu zangu. Wale mnaopenda hadithi ziishe kwa kichanga, hii haina. Walimlea Tabita, mtoto wa dada yetu marehemu, na walilima. Kipupwe kikifika, wakati wengine tumejifunika mablanketi, wao walikuwa kwenye vitanda vyao vya mboga wakifunika miche kwa nyasi kavu jua linapozama na kuifunua linapochomoza. Kabichi na njegere zao zilifika sokoni Tunduma, na waliotoka ng'ambo ya mpaka waliziulizia kwa jina la Roda. Kaka alishika na ile tabia ya salamu. Alikuwa anamwambia Mchungaji mlangoni mwa kanisa, "Baridi leo," anapita, na Mchungaji anabaki na mkono wake hewani.

Mwezi wa Juni mwaka huu alishikwa na kikohozi. Alikataa kulala. Alisema baridi ya Derbi ilishindwa, sembuse ya Igamba. Tulicheka naye, na leo inaniuma kwamba tulicheka. Julai kichomi kikaingia na homa, akapelekwa hospitali ya misheni, akatunzwa vizuri, akaomba arudi alale kwake. Mwinjilisti Boazi nami tulikuwapo alipotushika mikono akasema, "Roda asiguswe." Alifariki jana, Jumatatu tarehe 4 Agosti 1958, jua likichomoza, mkewe akiwa ametoka kidogo kufunua miche. Aliporudi na nyasi mikononi alielewa kabla hatujasema.

Sasa neno langu. Tangu jana nimekuwa nikitembea na hofu. Roda hana mtoto wa tumbo lake, na kwa walio wengi hapa maana yake ni furushi. Mimi ni dada, ninaweza kupiga kelele, na nilikuwa nimejiandaa kuzipiga hapa kaburini mpaka anga ipasuke. Mlango wa wifi yangu niliutazama mchana kutwa jana, na ulikuwa mtupu.

Leo asubuhi nimeenda kumwamsha, nikajikwaa. Kuni zilikuwa mlangoni, mzigo mzima, zimepangwa kwa adabu, zina sakitu juu yake. Hakuna aliyebisha hodi. Roda ameziona, akaenda ndani akafungua furushi, maana na safari hii alikuwa amekwisha lifunga. Mimi niliziinamia kuni zile nikazichunguza. Kila moja imekatwa kwa mshazari wa upande wa pili, kama anavyokata mtu wa mkono wa kushoto. Katika ukoo wetu anayeshika shoka kwa mkono wa kushoto ni mmoja tu, naye ana miaka inayokaribia themanini, na toka nianze kusoma anakohoa na kutazama viatu vyake. Baba mdogo, desturi inakataza kukushukuru. Sikushukuru. Nimekuona tu.

Marehemu Yonasi ameacha mjane, Roda, mwenye nyumba ile na bustani ile, na aliyekuwa akiipima kwa hatua atafute nyingine ya kupima. Ameacha binti, Tabita; dada, mimi Loisi; baba mdogo, mzee Amoni; wakwe zake wa Nanyala; na vitanda vya kabichi ambavyo jioni ya leo vitahitaji kufunikwa, kwa hiyo atakayekuja kulala matangani aje na nyasi.

Kaka, asubuhi ilikuwa na baridi. Sasa jua limetoka. Lala salama, upumzike kwa amani.