Fundo Linalokaa Nje: Maisha ya Mama Gundi

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzetu, nimeambiwa nisome polepole na kwa huzuni. Polepole nitajaribu. Huzuni ninayo tele, lakini nina pia habari ambayo marehemu aliniagiza niitangaze mbele ya watu wote, na jamani, inanichemka kifuani.

Marehemu dada yangu, ambaye wengi mlimwita Mama Gundi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kiwanda cha chapa. Mimi nilimfuata baada ya miaka miwili, na tukawa sisi wawili tu. Tulilelewa na bibi mzaa mama, aliyekuwa akishona madaftari mezani kwa mabaki ya karatasi za kiwanda. Bibi alituambia jambo moja, mara nyingi na bila kupandisha sauti: yule Mwandishi maarufu, ambaye picha yake ilikuwa imetundikwa katika kila darasa, ni mdogo wake wa tumbo moja. Baba yao alimfuta Bibi kwenye ukoo kwa sababu aliolewa na mtengeneza baiskeli. Dada alikuwa na miaka minane alipomwahidi, "Bibi, nitakurudisha kwenu."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967. Akiwa darasa la tano, mwalimu alifundisha kwamba Mwandishi alikuwa mtoto wa pekee. Dada akanyoosha kidole. "Mwalimu, siyo kweli. Dada yake yuko nyumbani kwetu, anapika." Darasa zima likaangua kicheko. Alisimamishwa ukutani mpaka kengele ilipolia, na akatoka hapo na jina la Ndugu wa Mwandishi. Mimi niliona aibu, nikajifanya simjui.

Tarehe 2 Januari 1970 aliajiriwa kwenye karakana ya kujalidi vitabu, akafanya kazi hapo miaka thelathini na minane, mpaka hata chai yake ikawa inanukia gundi. Mimi nilijiunga naye mwaka 1972. Mnaoijua kazi hii mnajua kwamba daftari jembamba hushonwa kuanzia ndani ya mkunjo, ili fundo lijifiche katikati ya kurasa. Bibi alitufundisha kuanzia nje. Yeye mwenyewe alijifunza vibaya utotoni na hakuna aliyemsahihisha, kwa hiyo fundo letu hubaki mgongoni, limetokeza kama chunusi. Siku moja msimamizi alimrudishia dada rundo zima.

"Fundo nje tena? Unashona madaftari au magunia?"

"Bosi, fundo la ndani mwombe mdogo wangu. Langu linakaa nje."

Ni kweli, mimi nilishabadilika tangu wiki ya kwanza. Nilitaka kazi, sikutaka maneno. Yeye mwishowe alihamishiwa kwenye rejista za ofisi, ambazo mgongo wake hufunikwa kwa kitambaa, na bosi akapumua.

Tarehe 17 Aprili 1976 aliolewa na dereva wa lori la karatasi, mtu wa maneno machache. Alipoambiwa habari ya Mwandishi hakucheka. Aliuliza tu, "Nyumba yake iko wapi, nikupeleke?" Dada alinijia mbio: "Huyu ndiye! Huyu huyu!" Walijaliwa binti mmoja na kijana mmoja. Shemeji alitangulia mwaka 2011, akiwa ameshampeleka mara kumi na moja kwenye nyumba ya Mwandishi, ambayo siku hizi ni makumbusho.

Mle ndani kuna daftari la Mwandishi kwenye kabati la kioo, limelazwa, mgongo umeelekea ukutani. Safari zote kumi na moja dada aliomba kitu kimoja tu: "Ligeuzeni nione mgongo." Mkuu wa makumbusho akamwambia, "Mama, Mwandishi hakuwa na dada. Imeandikwa." "Imeandikwa na nani?" akamjibu, na wakamsindikiza mlangoni. Akawa anawaandikia barua kila mwaka. Bibi alikuwa ameshafariki tangu 1979, amefutwa vile vile.

Mwezi Agosti 2023 moyo ulianza kumsumbua dada, na Januari akalazwa. Jumamosi tarehe 10 Februari 2024, saa nne asubuhi, mtunza nyaraka mpya wa makumbusho, binti mpole mwenye bahasha mkononi, aliingia wodini. Kabati lilikuwa linahamishwa, akazikumbuka barua za Mama Gundi, akaligeuza daftari. Fundo nje! Na katika mfuko wa jalada kulikuwa na barua ambayo Mwandishi aliiandika mwaka 1934 na hakuituma. Binti akatusomea:

"Dada yangu, Baba amenikataza kukuandikia. Madaftari yako sita nimeyapata. Fundo bado linanikwaruza kidole, lakini usilihamishie ndani. Nikiligusa najua nani kashona."

Dada alipiga kelele ya furaha hadi nesi akaja mbio na mtungi wa oksijeni, akidhani mambo yameharibika. "Yametengenea!" dada akamwambia. "Andika kwenye faili lako: bibi yangu alikuwa na mdogo wake!" Kisha akanigeukia mimi, niliyemcheka maisha yote. "Na wewe, mdogo wangu, sasa utashonaje?" Nililia pale pale.

Alifariki Alhamisi tarehe 22 Februari 2024, saa sita mchana, nikiwa nimemshika mkono. Makumbusho yameshabadilisha maandishi ya ukutani, na picha ya Bibi imetundikwa kando ya ile ya mdogo wake.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, mimi mdogo wake, na, kwa mara ya kwanza tukisomeana wasifu katika familia hii, wajukuu wawili wa Mwandishi, wale pale mstari wa pili. Karibuni nyumbani, jamani, mmechelewa kweli!

Sasa kila mtu ageuze kijitabu alichoshika. Viko mia mbili, nimevishona kwa mkono wangu tangu Ijumaa. Pitisheni kidole mgongoni. Kikikwaruza, mnajua nani kashona.

Pumzika sasa, dada yangu. Bibi ameshafika kwao.