Gramu Mia Tano ni Vikombe Vingapi?

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda changu cha kushona viatu, na birika la kahawa likifika alasiri, wenyewe nao hufika. Siku hiyo Saa Mbovu, fundi wetu wa saa, alikuja na unga hadi kwenye nyusi. Mkewe, anayeoka mikate kumi kila asubuhi kwa kantini ya zahanati, alikuwa ameteleza akavunjika mkono, kazi ikamwangukia mume. Mikate ya siku mbili ilirudishwa. Kantini ikasema: kesho ikiharibika tena, tunatafuta mtu mwingine.

— Jamani, nisaidieni kabla sijapasuka! Karatasi ya mapishi niliyopewa na dada yangu inasema kila mkate unga gramu mia tano. Mimi nina kikombe tu. Ni vikombe vingapi?

— Viwili, akajibu Mwalimu mstaafu bila kupepesa. Lita moja ni kilo moja. Kikombe ni robo lita, basi ni robo kilo. Hesabu haina mjomba.

— Ndivyo nilivyofanya jana! Nikapata uji!

— Hayo ni ya maji, Mwalimu, nikasema. Unga una hewa ndani.

— Hapo sasa! akadakia Zege, mwashi. Unga ni kama saruji, unashindiliwa. Penye nia pana njia: kanyaga.

— Juzi nilishindilia, nikajaza vikombe vinne. Mkate ukamng'oa mgonjwa jino!

— Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba, Mwalimu akaanza upya. Tuanzie hapo. Pishi moja ni vibaba vinne...

— Na kibaba kina gramu ngapi?

— Inategemea hizo haba.

— Mnasahau jua, Zege akasema. Saruji ya asubuhi nzito, ya mchana nyepesi. Pima jua likiwa utosini, halafu toa kivuli.

— Kivuli cha nini, wewe?

— Cha kikombe.

Saa Mbovu akashika kichwa.

— Si ukapime dukani? nikamuuliza.

— Mizani ya dukani ikiwa tupu inasoma robo kilo!

— Basi muulize mkeo.

— Nimemuuliza! Anasema, "Tia wa kutosha." Wa kutosha ni gramu ngapi, jamani?

Tulikuwa bado tunapigania hilo mkewe alipotokea, mkono umening'inia shingoni. Tukampisha akae. Hakukaa.

— Shemeji zangu, nani kati yenu amewahi kukanda unga?

Mwalimu akachungulia ndani ya kikombe chake. Zege akakumbuka ana ukuta haujakauka. Mimi nikashika kiatu ambacho nilishakimaliza.

— Twende, mume wangu, akasema. Utatia kidogo kidogo. Unga ukiacha kunata vidoleni, nitakwambia acha.

— Nimekuharibia kazi yako, mwenzangu, alisema Saa Mbovu.

— Siku mbili unaamka alfajiri, ukidhani nimelala. Nyanyuka.

Wakaondoka, yeye mbele, mume nyuma akijipangusa nyusi.

Kesho yake kantini ilipokea mikate tisa. Wa kumi ulipinda upande mmoja, Saa Mbovu akatuletea. Ulikuwa laini, bado wa moto. Mwalimu alipofungua mdomo kukisia una gramu ngapi, Zege akamtia kipande kingine.