Bandi ya Ami Nadir

Basi la Langley Park, huko ughaibuni, lilikuwa limekwama kwenye ujenzi wa reli, na Edna akajifanya amelala ili asikie vizuri. Kiti cha mbele, kijana mmoja wa Mwanza, Zefania, alikuwa akichekea simu. Kwenye video, suruali ya mchekeshaji Mwingereza ilikuwa imeporomoka mbele ya askofu.

“Huyu Mzungu ni fundi, mama,” alimwambia Bi Fathiya wa Unguja, aliyekaa naye. “Suruali inamvuka yenyewe!”

“Yenyewe? Fundi ni ami yangu Nadir, kazikwa London Ijumaa iliyopita, Mungu amrehemu. Miaka ishirini kawashonea hao watu wa televisheni. Kiunoni mwa suruali hiyo alipiga bandi tu, mshono wa muda. Ukivuta uzi mmoja, suruali chini.”

“Mama, kila Mzanzibari ana ami London.”

Edna aliona kijana kasema kweli.

“Basi ikuze hiyo picha, uutazame mkono wa kushoto wa huyo Mzungu. Bandi ya ami ni uzi mwekundu siku zote, asije akausahau ndani ya nguo ya mtu.”

Zefania akaikuza. Edna, usingizi wa kujifanya umemruka, akachungulia. Vidoleni mwa Mzungu ulining'inia uzi, mwekundu pyu.

“Sasa mbona kwenye majina ya mwishoni mwa kipindi hayumo?” Zefania hakukubali kushindwa. “Hata mpika chai ametajwa!”

Basi likajongea hatimaye, likasimama kituoni. Bi Fathiya akainuka, akajitanda mtandio wake taratibu kama anayeitwa jukwaani.

“Jina halimo,” akasema. “Uzi umo.”