Bibi Vikuonuo na Kaburi la Mbegu

Mchungaji wetu, ndugu waombolezaji, na majirani mliopanda mlima huu na magoti yenu mabovu: mimi ni Asenuo, mjukuu wa tatu wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu nina sauti kubwa, na marehemu alidai nimeirithi kwake.

Bibi Vikuonuo alizaliwa tarehe 11 Novemba 1926, hapa hapa kijijini Kohima, mtoto pekee wa Mzee Nisalie na mkewe Siezonuo. Ulikuwa wakati wa mavuno. Mama yake alitoka shambani na kikapu mgongoni, akakitua, akajifungua. Bibi alipenda kusema kwamba yeye na mpunga waliingia nyumbani pamoja.

Mwaka 1935 alianza masomo katika shule ya misheni, akafika darasa la nne. Alijifunza kusoma Biblia, kuimba sauti ya pili na kubishana na mwalimu. Hilo la tatu alilifaulu kuliko yote, ila halikuwa na cheti.

Kwa zaidi ya miaka arobaini aliuza sokoni konokono, mabuu ya nyigu na pilipili zetu kali, huku akifuma shuka ambazo baadhi yenu mmejifunika leo. Mteja aliyeomba apunguziwe bei alijibiwa, "Pilipili haina punguzo, mwanangu. Punguza wewe machozi." Wateja walinuna, wakaondoka, wakarudi wiki iliyofuata.

Tarehe 6 Machi 1948 alifunga ndoa na Sezolie, seremala wa mtaa wa chini, wakajaliwa watoto wanne. Babu alitutangulia mwaka 1991. Alikuwa mpole, mtu wa machozi ya karibu, na machozi hayo ndiyo yaliyompatia mke, kama mtakavyosikia.

Kuanzia Oktoba mwaka jana kifua kilimsumbua. Daktari alimkataza moshi wa jikoni na nyama ya nguruwe ya kukausha. Moshi aliuacha. Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Februari 2015, akiwa na umri wa miaka themanini na minane, watoto wake wakiwa wamemshika mikono.

Vita nimeviweka mwisho kwa amri yake. "Msianze na vita," alituagiza. "Maisha yangu yalikuwa na mambo mengine."

Wageni wanaofika Kohima huuliza vita vya Wajapani viligeukia wapi, nao hupelekwa kwenye uwanja wa tenisi, ambapo majeshi mawili, la Wajapani na la Waingereza, yalirushiana mabomu huku na huku. Bibi hakubisha. Ila alisema kwamba kwa mtaa wetu viligeukia mlangoni kwa baba yake.

Aprili 1944 Wajapani walipoingia kijijini walikuwa na njaa, wakaanza na nguruwe na maghala. Mzee Nisalie alikuwa ameshatangulia msituni na ng'ombe. Bibi na mama yake wakakusanya mpunga wa mbegu wa mtaa mzima, wakautia kwenye mitungi iliyopakwa majivu, wakaufukia mbele ya nyumba, mahali tunapozika watu wetu. Juu yake wakapanga mawe, wakachomeka mkuki wa Mzee na kutundika ngao yake. Askari mmoja wa Kijapani alipita, akainama kwa heshima, akaenda kutafuta mchele kwingine.

Lakini Sezolie, aliyekuwa akiwabeba majeruhi kwa machela, naye alipita hapo na wenzake. Wakaona mkuki, wakadhani Mzee Nisalie amefariki. Wakalia msiba kama desturi inavyotaka, wakachinja jogoo wao wa mwisho, wakaendelea na safari. Inasemekana Sezolie alilia hadi mtaa wa pili.

Juni mapigano yalipokwisha watu wetu tulirudi kutoka msituni, tukakuta majivu. Kila ghala lilikuwa limeliwa au limeungua, na msimu wa kupanda ulikuwa unatupita. Mbegu iliyobaki ni ile tu. Wazee wakakataa ifukuliwe. Kaburi ambalo halijaliliwa ni shimo tu, walisema, lakini hili limeliliwa na damu ya jogoo imemwagika. Anayefukua kaburi anaita kifo kwa mtaa mzima.

"Lakini ndani ni mpunga," Bibi akasema.

"Tunajua ni mpunga. Na bado ni kaburi."

"Sasa watoto wale nini?"

Wazee wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamezika watu wengi mno mwezi ule, nao waliogopa. Ndipo Mzee Nisalie, aliyekuwa akilitazama kaburi lake, akauliza:

"Hili kaburi la nani?"

"Lako, Nisalie."

"Basi mwenyewe nimeruhusu. Fukueni."

"Marehemu hasemi."

"Huyu anasema, na ana njaa."

Mzee mmoja akacheka, kisha wote. Mitungi ikatolewa, na mbegu ikagawiwa kila nyumba. Tulipanda tumechelewa, tukavuna kidogo, lakini tulivuna. Mzee Nisalie naye akauliza ni kijana gani aliyemlilia vile. Alipoonyeshwa akasema, "Aliyenililia bila kutarajia shamba atamtunza binti yangu."

Bibi Vikuonuo ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu sita, na mtaa mzima uliokula mavuno yale, pamoja na wale ambao hawakuwa wamezaliwa.

Bibi, tumekulilia kama desturi inavyotaka, kwa hiyo hili ni kaburi kweli. Leo mwenyewe ni wewe. Ungesema neno moja tu tungelifukua kwa mikono yetu. Umenyamaza. Basi pumzika kwa amani, mama yetu.