Sindano ya Robo Tatu

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Sifa zote ni za Mola aliyenipa ulimi huu, akanivumilia nilivyoutumia, na leo kanisimamisha mbele yenu na aibu yangu mkononi. Najua wengine mmeshaanza kucheka. "Hata Salumu ana ushuhuda!" Chekeni tu, nimewazoesha mwenyewe. Ila leo nina neno.

Mnaijua Landrova ya mjomba wangu Mbwana, ile aliyoinunua mnadani shirika lilipofungwa, miaka ile ya ruksa, kila mtu mfanyabiashara hata mwenye kuku watatu. Dereva nilikuwa mimi, Kibiti na Nyamisati, Nyamisati na Kibiti. Gari lilikuwa zee kunizidi na lina adabu kunizidi, lakini geji yake ya mafuta ilikufa. Jaza tangi, usijaze, sindano imelala chini tu.

Mjomba akakata kijiti cha mkoko, akakitia alama kwa kisu: robo, nusu, robo tatu, pomoni. Na akaweka sheria. Kabla ya safari dereva afungue tangi, achovye kijiti, awaonyeshe abiria kilipolowana. Mbele ya watu! "Abiria katoa roho yake akakupa," mjomba anasema, "haki yake aone." Nyinyi wenyewe mlikuwa mnanizunguka pale stendi. "Haya dereva, koroga uji!" "Umeiva?" Mimi, mtania watu wa Kibiti nzima, nikawa nataniwa na kila mwenye kikapu. Iliniuma, ndugu zangu. Msinione nacheka.

Nikaenda kwa Fundi Athumani. Akanyanyua kiti cha mbele, maana tangi liko chini yake, akachomoa waya juu ya tangi, akaugusisha kidogo kwenye bodi la gari. Lo! Sindano ikaruka mpaka juu.

"Geji nzima, waya mzima," akasema. "Mgonjwa yumo ndani ya tangi."

Akanieleza. Mle ndani kuna boya lenye mkono. Boya likielea juu, umeme unapita kirahisi, sindano inapanda. Boya likishuka na mafuta, umeme unabanwa, sindano inashuka. Akataka nimwachie gari siku mbili alifungue.

Siku mbili! Mimi nilishasikia nilichotaka. Kumbe sindano haijui petroli! Inajua tu umeme umebanwa kiasi gani. Nikarudi nyumbani, nikachukua redio mbovu, nikang'oa vile vidude vyenye mistari ya rangi, vinavyobana umeme. Nikavijaribu kimoja kimoja kati ya waya na bodi, mpaka nikapata kimoja kilichoisimamisha sindano robo tatu. Pomoni sikutaka, watu wangeshtuka. Ndugu zangu, shetani naye ana kiasi!

Nikamwambia mjomba geji imepona. Akafurahi masikini, akanipa mkono. Kijiti nikakitupa nyuma ya kiti. Abiria wakipanda nawaonyesha sindano, nao wanasema, "Eh, kijana fundi huyu." Mafuta nikawa nayakisia kichwani. Na kichwa chenyewe mnakijua.

Siku moja asubuhi nilizunguka Mahege na magunia ya korosho, halafu nikateremka Nyamisati. Nafika tu, boti linaingia kutoka Kiongoroni. Ndani yumo dada yangu Tatu, aliyeolewa kule. Kambeba mwanawe Hamisi, miaka mitatu, kakakamaa kama ubao, macho yamegeuka. Degedege! Nikasema pandeni pamoja na abiria wengine, twendeni hospitali Kibiti. Mwenye boti, Shomari, naye akapanda kumsindikiza, mkononi dumu la petroli ya mashine yake.

"Shomari, liache hilo, litatunukia."

"Nikiliacha hapa nalikuta?"

"Bwana we, gari langu robo tatu, huoni sindano?"

Akaiangalia, akaniangalia. "Mimi sindano yako siijui. Dumu langu nalijua." Akalifunga kwenye kerea, juu ya paa la gari, akakaa. Nikamtania njia nzima.

Porini, kabla hatujaikuta barabara kubwa, gari likakohoa mara mbili, likanyamaza. Jua la utosi, hakuna kijiji, hakuna gari linalopita.

Hapa ndipo ushuhuda wangu ulipo, ndugu zangu. Abiria wakashuka, wakafungua boneti. Mmoja anapuliza plagi, mwingine anagonga kabureta. "Mafuta yapo," wanaambiana, "sindano ile pale." Mimi nilishajua gari lilipokohoa tu. Nilijua! Nikachukua spana nikajidai nakaza kitu ambacho wala hakijalegea. Neno lilikuwa moja, fupi, na ulimi wangu mwepesi huu ukawa mzito kama nanga. Nilimsikia mtoto anavyopumua kule nyuma, nami nakaza spana. Hilo Mola aliliona, na nyinyi leo nawaambia.

Dada Tatu akaniita kutoka ndani ya gari.

"Salumu. Mbona sasa hutanii?"

Basi. Spana ikaniponyoka. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Mafuta yameisha. Sindano niliidanganya mimi, kwa kidude cha redio. Nisameheni."

Nikakitoa kijiti nyuma ya kiti, nikakichovya mbele yao. Kikatoka kikavu.

Nilingoja matusi. Shomari hakunitukana. Alipanda kwenye kerea, akafungua kamba, akateremsha dumu.

"Yana oili ya mashine haya. Yatatoa moshi."

"Yatoe tu, kaka."

Allahu akbar! Gari likawaka, moshi wa buluu nyuma yetu kama tumechoma pori! Tukafika. Mganga akampokea mtoto, akasema mngechelewa kidogo ningewapa pole tu. Kidogo, ndugu zangu. Kidogo ni ule muda niliokuwa nakaza spana.

Nikamwambia mjomba yote. Akakichukua kijiti, akazipapasa alama zake kwa kidole. Kisha akanirudishia kijiti. "Kesho wakikucheka, cheka nao." Gari akalipeleka kwa Fundi Athumani, siku mbili. Boya lilikuwa limetoboka, limejaa petroli, limezama chini kama jiwe. Fundi akalimwaga, akaliacha wazi likauke kabisa, ndipo akaliziba kwa lehemu. Kidude changu akakitupa uani.

Hamisi yuko darasa la kwanza sasa, na mdomo kama wangu, Mola amnusuru. Namshukuru Mungu hakungoja niwe mkweli ndipo anisaidie. Msaada wake alishaupakia juu ya gari langu, nami naucheka. Lakini dumu lilibaki limefungwa pale juu mpaka niliposema kweli. Kwa hiyo wewe uliyesimamisha sindano yako robo tatu mbele za watu, na ndani unajua kukavu, usingoje gari likohoe. Mwambie Mola sasa hivi. Mwamini, hatakuaibisha kama ulivyojiaibisha mwenyewe.

Na wenye safari ya Nyamisati, gari liko nje. Geji inasema kweli siku hizi, lakini njooni mnizunguke hivyo hivyo. Nakoroga uji mbele yenu.