Mlima Unaopimwa kwa Kikombe

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, nje ya duka la kinyozi, pale barabara ya lami inapoacha kuwa tambarare na kuanza kupanda kilima chenye tangi la maji kileleni. Wanaokaa hapo wana kazi zao, ila ukiwakuta asubuhi huwezi kuwadhania. Wembe ndiye kinyozi, na wateja wake wanajua kwamba wakimkuta katikati ya hoja, watanyolewa hoja ikiisha. Redio anatengeneza simu kwenye kibanda cha jirani. Anazo habari za kila kitu, za kweli na za kuokota, na zote anazitoa kwa sauti ile ile. Mama Jaji ndiye mwenye birika la kahawa. Asubuhi hiyo Wembe alikuwa amevaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, Redio masweta mawili, na wote watatu walikuwa wanatazama mlimani, kwa sababu Bomba alikuwa anateremka.

Bomba ni fundi wa mabomba ya maji, na mpenzi mkubwa wa baiskeli ya mbio, ile nyembamba yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Mlima wake haupimwi kwa saa. Zamani walijaribu simu. Ya Redio ikasema hivi na ya Wembe ikasema vile, wenyewe wakanuniana hadi benchi likawa na kambi mbili. Simu ya Bomba mwenyewe haiendi mlimani, maana fundi bomba akibeba simu ataitwa kabla ya kona ya kwanza, jikoni kwa mtu kumejaa maji. Ndipo mwenye birika akakata shauri, na ujaji wake ukaanzia hapo. Bomba akikanyaga pedeli, yeye humimina kikombe na kukiweka wazi mwisho wa benchi, marufuku kuguswa. Bomba apande, agonge tangi kwa kiganja, ageuze. Akirudi, Mama Jaji huonja na kutoa hukumu moja kati ya tatu: moto, vuguvugu, au imelala.

Bomba alianza na imelala, kama watu wote wanaoanza jambo. Akajifunza kupumua, akajifunza gia, akafika vuguvugu, na vuguvugu yenyewe ikawa inanyemelea moto. Alichokuwa anakitaka ni kitu kidogo tu: siku moja kahawa ile imuunguze ulimi. Kisha, bila sababu anayoijua, mambo yakaanza kurudi nyuma, na siku hii ilikuwa ya mwisho aliyojipa.

Alifunga breki mbele ya benchi, akaegemeza baiskeli ukutani, akasimama huku mikono kaiweka kiunoni. Mama Jaji alichukua kikombe, akaonja, akakirudisha mahali pake taratibu.

— Imelala, baba.

— Onja tena, Mama Jaji.

— Nimeonja. Imelala na shuka imejifunika.

Bomba alikaa. Kilichomuuma si hukumu, bali kwamba alikuwa amepanda vizuri. Alilijua hilo mwilini. Kwenye kona ya machimbo ya mawe, ile inayowashusha wengine wakasukume, hakulegeza gia hata moja. Alilipita lori la kokoto lililokuwa linakoroma kwa shida, dereva akampigia honi ya heshima. Baada ya mikaratusi alipata hata nafasi ya kutupa jicho bondeni, akaona ukungu umefunika mji mzima, mapaa machache tu yakichungulia, na bwawa kule mbali limetulia. Kila akipita pale moyo wake hufurahi kama wa mtoto. Aligonga tangi bila hata kutweta. Kisha anarudi chini, anaambiwa imelala.

— Mimi nilishasema, — Wembe alianza, akamnyooshea kidole kidevuni. — Hizo ndevu.

— Ndevu zimefanya nini?

— Zinakamata upepo. Tangu umefuga ndevu umekuwa mzito. Ndevu ni breki ya usoni. Njoo nikunyoe, kesho uone.

— Ulimwambia hivyo hivyo yule mteja aliyekuwa anaumwa mgongo, — Mama Jaji alisema.

— Na mgongo si ulipona?

— Ulipona alipoacha kubeba saruji.

Redio alikohoa, ishara kwamba taarifa ya habari inakaribia.

— Ndevu ni jambo dogo. Tatizo ni mlima. Milima inakua.

— Inakua namna gani, wewe? — Wembe aliuliza.

— Inakua kama kucha. Huoni, lakini inakua. Mlima aliokuwa anapanda Bomba wakati ule na mlima wa leo si mmoja. Ndiyo maana wahenga walisema, aliye juu mngoje chini.

— Hiyo ni ya watu wenye majivuno, — Mama Jaji alimkata.

— Sasa sisi tumemngoja wapi? Si chini? Na yeye alikuwa wapi? Si juu? Methali imetimia.

Bomba alicheka kidogo, kwa adabu, na kuyasugua mapaja yake. Siku nyingine angeingia mwenyewe kwenye ubishi, angetetea mnyororo, angelaumu matairi. Leo alikuwa anasikiliza kila upuuzi kwa makini, kwa matumaini kwamba humo ndani kutakuwa na sababu moja ya kweli, yoyote, isiyokuwa ile aliyokuwa anaiogopa.

— Kama mlima ungekuwa unakua, — alisema, — mabomba ya tangi yangekuwa yameshakatika. Nimeyafunga mwenyewe.

— Basi ni tangi, — Redio alisema bila kusita. — Chuma tupu lile. Chuma na chuma vinavutana. Ukigeuza kuja huku, tangi linakuvuta mgongoni.

— Na wakati wa kupanda? Si lingenivuta juu?

Redio alifikiri.

— Wakati wa kupanda linakuwa halijakuzoea.

Hata Wembe alimtazama kwa huruma. Lakini Redio alikuwa ameshawaka, na Redio akiwaka hazimwi kwa kitufe. Alisogea ukingoni mwa benchi na kushusha sauti.

— Niwaambie kitu? Wakati wenyewe umefupika. Dunia inazunguka upesi kuliko zamani. Mwaka unaisha hujamaliza kuutumia. Bomba hajachelewa hata kidogo. Ni asubuhi ndiyo inayokimbia.

— Mimi nina la kwangu, — Mama Jaji alisema, akijifuta mikono kwenye khanga aliyojitanda mabegani. — Mwanamume akianza kuchelewa safari aliyoizoea, usiulize mlima. Uliza nani anakaa njiani.

— Mama Jaji!

— Nimesema uliza tu. Lisemwalo lipo.

— Kule juu kuna mbuzi na mlinzi wa tangi, — Bomba alisema. — Mlinzi ana wajukuu kumi na mmoja.

— Basi unasimama kusalimia, — Wembe alisema. — Salamu za wazee ni ndefu. Haraka haraka haina baraka, ila na pole pole nayo inapoza kahawa.

— Sisimami.

— Huenda unasimama bila kujua.

Wembe aliyasema hayo kwa mzaha, kama mengine yote, lakini Bomba yalimwingia. Aliinama akaviangalia viatu vyake. Benchi halikuzoea kumwona hivyo.

— Hilo ndilo ninaloliogopa, — alisema. — Kuchelewa bila kujua.

— Tulikuwa tunatania, fundi.

— Najua. Marehemu baba alikuwa mchukuzi sokoni. Siku moja akaanza kuchelewa kurudi nyumbani. Mama anamuuliza, umepitia wapi? Anaapa hajapitia popote, katembea vile vile, mwendo ule ule. Na hakuwa anadanganya. Yeye mwenyewe alikuwa haoni. Miguu ilikuwa inapungua nguvu na haimwambii. Kila siku anafika baadaye zaidi, na kila siku anaapa. Mwisho tukawa tunambeba.

Wembe alivua kofia yake, sijui kwa nini, akaivaa tena.

— Sasa mimi napanda, — Bomba aliendelea. — Mwili unaniambia nimekwenda kama mshale. Kikombe kinaniambia nimekwenda kama konokono. Nimwamini nani? Jana nimemwambia mke wangu: nikirudi kesho kahawa imelala, baiskeli naitoa. Mdogo wake yuko njiani anakuja kuichukua. Bora niache mwenyewe kuliko kuachishwa.

— Umeshaongea na daktari? — Mama Jaji aliuliza, na sauti ya ujaji ilikuwa imemtoka kabisa.

— Naogopa atakachosema.

— Maji yakimwagika hayazoleki, — Wembe alisema kwa upole, akiwa na nia njema ila methali ndiyo iliyokuwa karibu.

— Mimi nayazoa kila siku, — Bomba alisema, na wote wakatabasamu kwa shida.

Shemeji alitokea wakati huo, kijana mfupi mwenye begi mgongoni, ametoka kwao tambarare kwenye joto kwa basi la asubuhi. Alikuwa na shati jepesi la mikono mifupi, na meno yalikuwa yanagongana. Aliwaamkia wote mmoja mmoja, akampa Bomba mkono kwa kuinama, kama inavyompasa mtu kwa mume wa dada yake.

— Karibu, shemeji. Baiskeli ndiyo hiyo.

— Shemeji, una hakika?

— Nina hakika. Ijaribu.

Mama Jaji aliinamisha birika na kummiminia mgeni kikombe, mvuke ukapanda hadi usoni kwake. Shemeji alishukuru, akataka kunywa, ikamchoma midomo. Akakiweka kikombe pale benchini, ubavuni mwa kile cha Bomba, akaiendea baiskeli. Alipanda, miguu haikufika vizuri kwenye pedeli. Akaomba spana. Bomba alimpa ile ya mfukoni, kisha akageuza uso, kwa sababu kuona kiti chake kinashushwa lilikuwa jambo moja zaidi ya aliyoweza kuvumilia siku hiyo.

Kiti kilishuka kwa kelele kidogo. Shemeji alikaza boliti, akaenda hadi kwenye nguzo ya taa, akarudi, akatabasamu, akajutia tabasamu lake alipoona sura ya shemeji yake. Akaja benchini, akachukua kikombe, akapiga funda moja kubwa. Akakiondoa mdomoni na kukitazama.

— Samahani, mama. Hiki ndicho changu?

— Ndicho. Si ulikiacha hapo?

— Nilidhani nimekosea. Hii imepoa.

— Haiwezi kupoa, — Wembe alisema. — Umemiminiwa sasa hivi.

Mama Jaji alinyoosha mkono, akakichukua, akaonja. Hiyo ndiyo kazi yake, na hakuna aliyewahi kupinga ulimi wake. Akaonja tena, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

— Inakuwaje? — Redio aliuliza.

— Imelala, — alisema, akawa anasema na kikombe zaidi kuliko watu.

Shemeji alijikunyata, akaficha viganja kwapani. Hakujua chochote kuhusu tangi, wala ndevu, wala hukumu tatu. Aliuliza kwa udadisi tu wa mtu aliyekuja kutoka mahali pa joto:

— Kwani hapa kwenu, jua likiwa kali, kahawa inapoa upesi hivi hivi?

Wembe alifungua kinywa. Alijigusa kofia ya sufu, akafunga kinywa. Redio alisema, “Kitaalamu,” akaishia hapo hapo. Pengine ndiyo mara ya kwanza taarifa yake kukatika hewani. Mama Jaji alilishika birika kwa haraka, akataka kumimina kikombe kingine ili kesi isikilizwe upya, lakini yalidondoka matone mawili na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha.

— Msimu mzima wa baridi, — alisema taratibu. — Nimekuwa namhukumu huyu mtu msimu mzima.

Bomba alikuwa amesimama, anavitazama vikombe viwili vilivyokaa bega kwa bega, cha aliyepanda mlima na cha aliyekwenda hadi kwenye nguzo ya taa. Hakuwa na uhakika wa jambo lolote. Daktari angemwona, maana mkewe alikuwa ameshaapa kumpeleka hata kwa kumburuta. Lakini mwili wake ulikuwa umemwambia kitu kule juu, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yageuke aliona huenda mwili ule haukuwa unamdanganya.

— Shemeji, — alisema, — nipe hiyo spana.

Alipiga goti kando ya baiskeli, akalegeza boliti, akapandisha kiti hadi kwenye alama yake. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Asubuhi, nyumbani, alikuwa ameiona inatetemeka vile vile wakati wa kufunga kamba za viatu, akaificha ili mkewe asiione. Sasa aliitazama mbele ya watu wote, ikitetemeka, ikiwa na vidole vyekundu, na akahisi baridi. Baridi tu, ya kawaida, iliyompata kila mtu pale benchini.

— Dada yako anakungoja nyumbani, — alimwambia shemeji yake, akikaza boliti. — Kula, pumzika, mwombe sweta langu. Kwenu utarudi kwa basi.